Posa ya Ua la Mkwe

Mmeniomba niandike, vijana wa kitalu, basi msije mkalalamika kwamba maneno ni marefu. Mzee akipewa kalamu hana tofauti na kuku aliyefunguliwa ghala la mpunga. Mimi ni Felista, wengi wenu mnaniita Mama Kitalu, na miaka yangu ya kazi niliimaliza nimeinama: nikijaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya miche, nikisia mbegu, nikipalilia na kumwagilia katika kitalu cha miche kilicho nyuma ya nyumba za Kibaoni, hapa Ifakara. Mgongo wangu unakumbuka kila kitu. Kichwa ndicho kinachorukaruka, kwa hiyo msinidai mpangilio.

Nianze na maji, kwa sababu nimewaona. Juzi nilipita pale nikamkuta mmoja wenu ameshika mpira wa maji mkono mmoja, simu mkono wa pili, na miche inaogelea. Nilicheka nikaondoka, maana nilijikumbuka. Nilipoanza kazi nilimwagilia kana kwamba nazima moto. Mzee Kalisti, aliyekuwa mkuu wa kitalu na ndiye aliyenifundisha kazi, hakunigombeza. Aliniita kivulini, akanipa kikombe cha maji nikanywa. Akanipa kingine nikanywa. Alipoleta cha tatu nikamwambia baba, inatosha, tumbo limejaa. Akaniuliza kwa upole kama yeye amenichukia kwa kunipa maji. Kisha akanishika mkono, akachomeka kidole changu kwenye kiriba na kuniambia nisimwagilie mche wowote kabla ya kuuliza udongo wake. Mpaka leo kucha ya kidole hicho haijawahi kuwa safi, na mume wangu alishazoea.

Mzee Kalisti alikuwa Mndamba wa kandokando ya mto, mfupi, mwenye kofia ya ukindu iliyotoboka mbele. Alikuwa akiongea na miche kwa Kindamba. Nilimuuliza kwa nini haongei nayo Kiswahili, akasema Kiswahili wataenda kujifunza shuleni. Alikuwa na majibu ya namna hiyo kwa kila kitu, na uso wake haukucheka hata kidogo wakati akiyatoa, ndiyo maana wageni walimdhania mtu mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa na shauku moja tu maishani, mbali na mkewe na ugoro, nayo ni ua la mkwe.

Wengi wenu mmelikuta kitaluni mkadhani lilikuwepo tangu enzi. Ngoja niwaeleze. Ua la mkwe kwao ni visiwani. Msiwaze bahari, nazungumzia visiwa vya hapa kwetu, vile vidogo vilivyotawanyika katikati ya mto Kilombero ukipanda juu kutoka Kivukoni, ambako wavuvi huweka kambi wakati wa kiangazi. Masika maji hufunika vyote. Mmea huu umezoea maisha hayo: maji yakija, majani yake yanaoza na tunguu linalala chini ya mchanga. Maji yakipungua linaamka, na mvua za kwanza za vuli zikigusa udongo linatoa maua meupe yenye wekundu kooni. Hayatazami juu. Yanainamisha uso chini, kama kijana aliyekutana ghafla na mama mkwe wake njiani, na hapo ndipo wavuvi walipopata jina. Ukitaka kuliona sura inabidi uchutame. Mzee Kalisti alisema ni ua pekee linalomfundisha binadamu adabu.

Shida ni kwamba mto wetu hautulii. Mwaka huu unapita hapa, mwakani umehamia kule, na kisiwa kimeliwa na maji pamoja na kila kilichoota juu yake. Vingine vikajiunga na nchi kavu, watu wakalima mpunga. Miaka ya tisini nilipoingia kitaluni, wavuvi walikuwa wakisema hawalioni tena kambini. Mzee Kalisti alikuwa amewahi. Aliletewa tunguu moja na mvuvi mmoja kutoka kisiwa kinachoitwa cha Juu, na kutoka tunguu hilo alizalisha tuta zima.

Alinifundisha jinsi ya kufanya, nami nawapa bure. Usikate tunguu wakati lina majani, utaliua. Subiri lilale. Kisu kiwe kikali na kimepitishwa kwenye moto. Kata vipande kama mnavyokata magimbi ya mbegu, kila kipande kiwe na jicho, kisha pakaza jivu kwenye kidonda na ukianike kivulini mpaka kidonda kifunge. Panda kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji kidogo. Kidogo, nimesema. Sisi hatukuwa na hizi neti nyeusi za kivuli mnazofunga siku hizi. Tulitandaza nyasi juu ya fito, mbuzi wa jirani anakula kivuli chako kuanzia asubuhi, na mchana unaanza upya.

Basi tuta la mkwe likawa fahari yetu. Vuli ikifika, watu wa Kibaoni wanakuja kuchutama kutazama maua, hata padri alichutama na kanzu yake. Lakini maua yalikuwa yakidondoka bila kuacha kitunda hata kimoja. Hakuna kitunda, hakuna mbegu. Mzee Kalisti alitaka mbegu kuliko kitu chochote, kwa sababu alitaka siku moja kuzirudisha visiwani, na mmea unaozaliwa kwa mbegu una nguvu za kushindana na mto kuliko kipande kilichokatwa kwa kisu.

Tulijaribu kila kitu. Alilaumu sisimizi, tukamwaga jivu. Alilaumu kivuli, tukakitoa. Akalaumu upepo, akalaumu mbolea, na siku moja aliyokosa usingizi akanilaumu mimi kwamba nacheka sana karibu na maua. Kisha akasikia kwamba kuna mimea inayohitaji kusaidiwa kuoana. Ule unga wa njano ndani ya ua, ambao wataalamu wanauita chavua, unauchukua na kuupaka kwenye ulimi wa katikati wa ua jingine. Nikapewa unyoya wa jogoo kwa kazi hiyo. Kila asubuhi unanikuta nimepiga magoti tutani, unyoya mkononi, nanong'ona kwa maua yasidondoke. Haikuchukua muda akaja mama mmoja na mtoto anayekohoa, akaniomba nimfanyie na yeye. Nilimwelekeza hospitali. Mume wangu alikaa wiki nzima akiniita mganga.

Pamoja na uganga wote huo, mbegu hazikupatikana.

Ndipo Bwana Msimamizi, bosi wetu aliyekuwa juu ya Mzee Kalisti, akaja na habari yake. Simtaji jina, ana wajukuu hapa mjini na alikuwa mtu mwema. Wakati ule bonde zima lilikuwa limeamka kupanda mitiki ya mbao, na kila aliyekuwa na kitalu aliagizwa miche kwa maelfu. Nafasi ilikuwa finyu. Alisimama mbele ya tuta letu, akachutama kwa heshima, akayasifia maua, kisha akasema kwamba masika ikianza tuta hilo analitaka kwa viriba vya mitiki. Kama ua lingekuwa linatoa mbegu angeweza kulitetea kwa wakubwa wake kwamba ni kitalu cha mbegu. Lakini ua la kutazama tu, alisema, atalitetea vipi?

Mzee Kalisti alivuta ugoro, akapiga chafya, akaendelea kupalilia. Mimi nililia kidogo nyuma ya stoo, siwafichi. Tulikuwa tumebakiwa na vuli hiyo tu.

Aliyetutoa gizani alikuwa Neema, binti msomi wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Mang'ula, kule penye milima. Alikuja kwa treni siku ya mapumziko yake kwa sababu Mzee Kalisti alimtumia salamu na kikapu cha samaki wakavu, na kwa samaki wale naamini angekuja hata kwa miguu. Akaamkia, akakaa chini tutani, akauliza swali moja: haya matunguu yote yalitoka wapi? Mzee akamweleza habari ya tunguu moja la kisiwa cha Juu.

Neema akashika tama, akatazama tuta lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba, kwamba hapo hapana mimea mingi. Pana mmea mmoja tu tulioukatakata. Mimea mingine haikubali chavua ya mwili wake yenyewe, na huu inaelekea ndiyo tabia yake. Tungeweza kupaka kwa unyoya mpaka jogoo aishiwe.

Nilimtazama Mzee Kalisti. Mnajua sisi watu wa bonde hili tunavyochunguza ukoo kabla ya kuozesha. Kijana akileta mchumba, wazee wanakaa siku nzima wanahesabu bibi na babu, na wakigundua undugu hata wa mbali wanavunja. Na mzee huyu alikuwa mmoja wa wahesabuji wakubwa, amevunja uchumba wa watu Kivukoni na Kibaoni. Sasa anaambiwa miaka yote hii amekuwa akimwozesha mtu kwa nafsi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, Neema akacheka, na mimi nikashika ubavu. Kisha akafuta machozi akasema basi, tukatafute mchumba.

Tulikodi mtumbwi. Mimi naogopa viboko kuliko deni, lakini sikuweza kubaki. Mpiga pondo aliyesukuma mtumbwi alituambia tusiongee, Mzee Kalisti akaongea njia nzima, akituonyesha mahali visiwa vilipokuwa wakati wa ujana wake: hapa kilikuwa kisiwa cha Juu, pale cha Mamba, pale walikuwa wakikausha samaki. Alikuwa akionyesha maji matupu. Tulipopata kisiwa tulishuka tukachutama kwenye kila nyasi. Hatukuona mkwe hata mmoja. Jioni tulipofika kwenye kambi ya mwisho, mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu alitusikiliza, akasema ua hilo analijua, lipo moja. Liko ng'ambo ya Kivukoni, kwenye chungu, mlangoni kwa Bibi Apolonia.

Kesho yake tukavuka kwa pantoni, na hapa ndipo Mzee Kalisti alipoharibu. Kwa furaha alisahau kila alichonifundisha. Alimkuta bibi anachambua mchele, na kabla hajakaribishwa kigoda macho yake yameshatua kwenye chungu, mdomo umeshaomba. Lile ua lilikuwa na matumba mawili, bado yamefunga. Bibi Apolonia alikuwa mwembamba, mrefu, amefunga kilemba cheusi. Aliendelea kuchambua mchele wake. Akatuambia kwamba aliwahi kuja mtu wa mjini na gari, akaomba matunguu ya kuazima, akachukua yote isipokuwa hilo lililokuwa limejificha, na hakurudi. Tunguu lile mumewe alilitoa kisiwa cha Chini, walikoishi kambini wakiwa vijana. Mume amekufa na kisiwa kimekwenda na maji. Alilobaki nalo ni hilo.

Mzee Kalisti akaanza kueleza habari za chavua na ulimi wa ua, kwamba atachukua unga kidogo tu, ataufungia kwenye kiberiti.

Bibi akainua uso. "Wewe baba ni mtu mzima, una mvi. Umetoka kwako kuja kumwombea kijana wako mke, umesimama mlangoni, mikono mitupu, na bibi harusi utamtia kwenye kiberiti. Rudini. Mkitaka mchumba, njooni kama watu wanaotaka mchumba."

Hakuwa akitania, na hakuwa na hasira. Tulirudi kwa pantoni, Mzee Kalisti ameshika kofia mkononi. Tulipofika upande wa pili akasema bibi yule ana haki, na yeye anastahili kuchapwa.

Mshenga tulimpata palepale kivukoni. Saidi alikuwa mfungaji wa kamba za pantoni, mwenye ulimi uliopakwa asali, aliyeweza kumnyamazisha dereva wa lori aliyechelewa kuvuka. Alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Akatuuliza tunakwenda na nini, maana mkono mtupu haulambwi, akatuagiza khanga, sukari, sabuni na jembe jipya. Mimi nilidhani jembe ni mzaha. Akaniambia bibi anayelima peke yake haombwi kwa marashi.

Siku ya posa tulivaa. Mzee Kalisti alivaa koti la harusi yake mwenyewe. Neema alikuja na gauni la kanisani. Na bwana harusi, mkwe wetu mzuri kuliko wote tutani, alikuwa kwenye kiriba, kiriba kwenye kikapu, kikapu kichwani kwangu. Kwenye pantoni watu walituuliza tunakwenda wapi tumependeza hivyo. Saidi akawajibu tunakwenda kuposa. Wakauliza kijana yuko wapi, nikashusha kikapu nikawaonyesha. Mama mmoja mwenye kuku alitazama akasema ana aibu, hiyo ni dalili njema. Pantoni nzima ikacheka, na alipokuwa akiteremka mama yule alituombea heri.

Bibi Apolonia alikuwa ametandika mkeka na kumwita kaka yake kukaa naye. Saidi alianza mbali, akapitia mvua, bei ya mpunga na afya ya ng'ombe, na hakutaja ua mpaka chai ilipoisha. Kisha bibi akauliza maswali yake. Kijana ametoka kisiwa gani? Cha Juu. Kisiwa cha Juu upande upi wa mkondo? Nani alimleta? Mzee Kalisti akajibu yote, ameinama. Bibi na kaka yake wakanong'onezana Kindamba, wakakumbushana mto ulivyopita zamani, wakakubaliana kwamba visiwa vile viwili vilitenganishwa na mkondo mkubwa tangu babu zao. Si ndugu. Neema alinifinya mkono, maana ndilo jambo alilotaka kulijua, na alikuwa akitafuta namna ya kuliuliza tangu asubuhi.

Posa ikakubaliwa kwa masharti mawili. La kwanza, binti haondoki kwao, bwana harusi ndiye atakayekaa. La pili, watoto ni wa bibi. Mbegu zikipatikana hazitavuka mto. Saidi alijaribu kuzunguka sharti hilo kwa maneno matamu, bibi akamwambia anywe chai. Mzee Kalisti alimtazama bwana harusi kikapuni. Mbegu zikibaki ng'ambo tuta letu halitakuwa na utetezi, lakini angalau ua halitapotea duniani. Akasema amekubali. Ninawaambia vijana, mimi nimeona watu wakitoa vitu vikubwa, lakini sijaona mtu akitoa kama vile.

Sasa ikaja taabu ya wakati. Maua ya kwetu yalikuwa yanaelekea kuisha, na matumba ya bibi bado yamefunga. Ua la mkwe likifunguka halikai. Nilihamia ng'ambo kwa shemeji yangu, nikawa naamkia kwa Bibi Apolonia kila asubuhi kumtunza bwana harusi. Mjue mbinu hii: ukitaka kuchelewesha ua, lipoze. Tulifunika kikapu kwa gunia lililolowa, tukakiweka nyuma ya mtungi wa maji ambako hakuna joto. Hata hivyo yalidondoka, moja leo, jingine kesho. Bibi alikuwa akijifanya hajali. Lakini nilimkuta analowesha gunia mwenyewe kabla sijafika, na siku nyingine nilimsikia akimsemesha yule wa chungu kwamba asiwe na maringo, wanaume wazuri hawasubiri.

Limebaki ua moja, tena ukingo wake umeshaanza kuwa kahawia, ndipo yale matumba yakafunguka. Nilituma mtu kumwita Mzee Kalisti na Neema. Walikuja mbio, Mzee anahema. Akachutama, akatoa unyoya mfukoni, na bibi akanyoosha mkono. Alitaka kufanya mwenyewe. Neema akamwelekeza wapi pa kuchukua unga na wapi pa kupaka. Bibi akashika unyoya kama anayeshika sindano. Akapaka yote mawili. Ua letu likaanguka palepale mchangani, kazi imekwisha. Bibi akaliokota, akaliweka kwenye kilemba chake, akapiga kigelegele kimoja ambacho nadhani kilisikika Ifakara mjini.

Ua moja la chungu lilinyauka bure. Lile jingine likaacha kitunda.

Hamjui furaha kama hamjawahi kumwona mzee mzima akivuka mto kila Jumapili baada ya misa kwenda kutazama kitu kidogo kuliko bamia changa. Hakugusa, hakuomba. Alimpelekea bibi tumbaku, wakakaa, wakazungumza habari za kambi za zamani, akarudi. Neema alituonyesha namna ya kukifunga kitunda kwa kitambaa chepesi, kwa sababu kikikauka kinapasuka na kutawanya mbegu. Bibi alikifunga kwa kipande cha khanga na akanunua ugomvi na kuku wa mtaa mzima.

Masika ikaanza kwa fujo. Mto ukajaa, wenye mitumbwi wakafunga mitumbwi yao, pantoni ikawa inavuka siku moja na kulala siku nyingi, na hatukuweza tena kwenda ng'ambo. Hatukujua kama kitunda kimekomaa au kimeoza kwa mvua. Siku ikafika Bwana Msimamizi akaja na vijana wake wenye majembe. Alikuwa na huzuni, namtetea kwa hilo. Alimwambia Mzee Kalisti achague mimea michache ya kupeleka kwake nyumbani. Mzee akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono, pole pole. Mimi nilikuwa nashika kikapu, na sikuweza kumtazama usoni.

Tukasikia kengele ya baiskeli. Saidi alikuwa anaikokota kwenye matope, na juu ya kiti cha nyuma amekaa Bibi Apolonia, amelowa, miguu imening'inia upande mmoja, kilemba kiko palepale. Saidi, ambaye habari zote za Ifakara zilipita mikononi mwake pamoja na kamba za pantoni, alikuwa amempelekea habari za tuta letu siku pantoni ilipovuka. Bibi akateremka. Akatuitikia shikamoo zetu zote, moja moja, bila haraka. Akayatazama majembe, akamtazama Mzee Kalisti pale chini, matope mpaka kwenye viwiko.

Kisha akafungua pindo la khanga yake. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, ndogo kama ufuta, zimejaa kiganja.

"Nilisema watoto ni wangu," alisema. "Lakini mtoto halelewi na upande mmoja. Nimewaleta wajukuu zenu. Wanalala wapi?"

Bwana Msimamizi alizitazama zile mbegu kwa muda, akavua kofia, akamwamkia bibi, kisha akawageukia vijana wake na kuwaambia wavipeleke viriba vya mitiki kule karibu na kisima. Mzee Kalisti bado alikuwa amepiga magoti. Mwishowe akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akaenda kumtafutia mkwe wake mkeka.